Samaki wa Kuonjea Maji

Mama mkubwa hakuketi kama watu wengine. Alijishusha kidogo kidogo, mkono mmoja kiunoni na mwingine juu ya meza ya cherehani, kama mtu anayetua gunia analoogopa litapasuka. Akishatua alisema, "Haya, nimefika," hata kama safari yenyewe ilikuwa ya kutoka jikoni hadi sebuleni.

Ni dada mkubwa wa mama yangu. Nilikaa kwake miaka yangu yote ya chuo, chumba cha nyuma, na nikaondoka pale na hasira ambayo haijapoa mpaka leo: kwamba kuna kazi kubwa kuliko nyingi duniani na hakuna anayeiita kazi. Haina likizo, haina mkataba, haina chama cha kuigomea. Kumlisha mtu mzima, kumgeuza, kumwosha, kumbadilishia shuka, halafu kurudi kwenye cherehani kushona sare za shule za watoto wa wenzako. Tukiandika habari za watu huwa tunaandika za wanaohutubia. Mimi naandika za Mama mkubwa, ambaye hajawahi kuhutubia isipokuwa kwa pampu ya maji ikikwama.

Mumewe, Baba mkubwa, alikuwa fundi wa lifti. Alipanda na kushuka ndani ya majengo ya watu maisha yake yote, mikono imejaa grisi, mdomo haujui kufungwa. Ndoa yao ilikuwa ya kurushiana maneno tangu chai ya asubuhi, na majirani waliisikiliza kama redio. Kisha kiharusi kikamwangusha akiwa kazini. Upande wote wa kulia ukalegea, na maneno yakamkwama kooni. Yalikuwemo, ungeyaona machoni, lakini yalitoka moja moja baada ya kungojewa sana, na nani ana muda wa kungoja? Akifungua mdomo tu, mtu ameshamletea maji. Akiyakataa, ameshaletewa mto. Mwishowe alizoea kutikisa kichwa na kunyamaza.

Nyumba nayo ikanyamaza. Mama mkubwa aliacha kumgombeza. Alimwambia "pole, baba" na "taratibu, baba" kwa sauti laini ya wodini, na mimi nilidhani huo ndio upendo.

Kitu kimoja ambacho kiharusi hakikukiondoa sebuleni kilikuwa tangi lake. Baba mkubwa alilijenga mwenyewe, kioo kirefu kama sanduku la nguo, maji ya chumvi ndani, mawe yenye matundu yaliyopangwa kama magofu, na juu ya mawe matumbawe: mengine laini yakipunga kama vidole, mengine ya mviringo kama uyoga, mengine magumu yenye vijidomo vinavyofunguka taa ikiwaka. Alikuwa ameyapanda kipande kwa kipande. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alipokuja kumwona mgonjwa, alisimama mbele ya tangi hilo kabla ya kitanda, ambacho tulikuwa tumekihamishia humo humo sebuleni.

"Hili analipenda?" aliuliza.

"Kuliko mimi," Mama mkubwa alisema.

"Basi geuzeni kitanda. Tangi liwe kulia kwake, upande uliolegea. Asipougeukia upande ule, mwili utausahau. Akiligeukia mwenyewe kila siku, tuna matumaini. Siku akiacha kugeuka, nijulisheni haraka."

Tukageuza kitanda. Na kweli, Baba mkubwa aligeuka. Ilimtoa jasho, shingo ilisimama mishipa, lakini aligeuka, asubuhi na mchana na jioni, bila kubembelezwa. Mazoezi mengine yote ilibidi tumwombe kama mtoto. Hili alilifanya mwenyewe. Tangu siku hiyo Mama mkubwa, pamoja na kazi zake zote, akawa mhudumu wa bahari. Alikoroga chumvi kwenye ndoo, akaipima, akajazia maji yaliyokauka, akasugua kioo kwa ndani huku mkono umezama hadi kwapani. "Nimeolewa na fundi wa lifti," alisema, "nazeekea kwenye ubaharia."

Shida ilikuwa samaki. Tangi zima lilikuwa na mmoja tu.

Alikuwa mdogo, urefu wa kidole gumba, wa buluu iliyokolea, mkia wa njano. Ukimwona peke yake ungesema ni kito. Lakini wenye matangi wana desturi moja: tangi likiwa jipya, maji bado hayajatulia, humtanguliza samaki mgumu na wa bei rahisi aonje maji. Akipona, basi maji yako tayari na wengine wanaweza kuja. Baba mkubwa alifanya hivyo. Kosa la desturi hii ni kwamba mwonjaji akishapona hujiona ndiye aliyeyaumba maji. Kila jiwe lake, kila tundu lake. Tangu hapo hakumruhusu mwingine aishi. Tulimwita Mwenye Nyumba.

Na kumtoa haiwezekani kwa wavu. Ukiingiza mkono anapotelea kwenye matundu ya mawe, anakungoja uchoke. Lazima uvunje magofu yote, jiwe kwa jiwe, pamoja na matumbawe yaliyoota juu yake.

Mama mkubwa aliwaza hivi: ikiwa mume wangu anageuka kwa ajili ya samaki mmoja mkorofi, je, akiwa na samaki wazuri watatu wanne? Si atageuka mara nyingi zaidi? Labda hata mkono utaamka. Wazo hili lilimshika kama homa. Akitoka kupeleka sare, alipitia duka la samaki wa mapambo.

Mwenye duka alijiita Kapteni. Hajawahi kupanda chombo chochote cha majini. Alikuwa anatapika hata kwenye basi. Lakini samaki aliwajua.

"Mama, usichague kwa macho," alimwambia. "Tangi lako lina matumbawe. Kuna samaki wa kuyatazama matumbawe na samaki wa kuyala."

"Yule pale je, mpana kama sahani, mwenye mistari?"

"Kitatange. Mzuri, eh? Huyo ukimweka, umemkaribisha mbuzi kwenye bustani."

"Nimechoka, Kapteni. Nipe tu yule mzuri."

Akampa, maana biashara ni biashara. Siku chache baadaye vijidomo vya matumbawe vilikuwa vimefungwa na havifunguki, na kitatange alikuwa anayadonoa moja moja kwa adabu kama mgeni anayekula karanga. Cha ajabu Mwenye Nyumba alimwogopa kwa ukubwa wake. Kitatange tuliwahi kumtoa, akiwa bado mjinga wa matundu, na Mama mkubwa akamrudisha dukani ndani ya mfuko.

Wa pili alikuwa mwembamba, mweupe mbele na mwekundu nyuma, mwenye pezi refu la mgongoni kama antena. Mpole, hali matumbawe. Mwenye Nyumba alimfukuza tangu alipoingia. Asubuhi moja nilimkuta nyuma ya kochi, sakafuni, amekauka kama ganda la njegere. Alikuwa ameruka nje kwa woga.

Mama mkubwa alimwokota kwa karatasi. Alimtazama kwa muda mrefu kuliko samaki anavyostahili.

"Hata mimi," alisema, "kuna siku nataka kuruka hivihivi."

Kisha akacheka kidogo, akaenda kubadilisha maji ya ndoo. Mimi nilibaki nimesimama. Nilikuwa nasoma siasa na uchumi, na kila nilichosoma kilikuwa mbele yangu, kimevaa mapezi. Kiumbe kimoja kimetangulia kufika, basi kimeigeuza ajali hiyo kuwa haki, na wengine wote wanakufa pembeni huku sisi tunasema ndivyo alivyo.

"Mama mkubwa, huyu aondolewe," nilisema jioni ile. "Tuvunje mawe."

"Mawe ya mume wangu?"

"Tutayapanga tena. Haiwezekani sebule nzima itawaliwe na samaki wa kidole gumba!"

"Msomi," alisema, akiwa bado anapitisha uzi kwenye sindano, "wewe ukipewa kijiji utakiacha bila mwenyekiti."

Lakini nilimwona anafikiri. Kitandani Baba mkubwa alikuwa amelitazama tangi. Akafungua mdomo. "Usi..." alianza.

"Usingizi, ndiyo, baba, tunakupunguzia taa," Mama mkubwa alimjibu, akanyanyuka, akapunguza.

Tulivunja Jumamosi. Kapteni alikuja mwenyewe na mabeseni, maana alisema kazi hii inahitaji mtu mwenye roho mbaya kidogo. Tulinyonya nusu ya maji kwa mpira, tukatoa mawe moja moja, matumbawe yakiwa yamejikunyata na kutoa ute. Moja gumu, lenye umbo la bakuli, lilivunjika ukingo mikononi mwangu. Mama mkubwa alifumba macho, hakunilaumu. Hatimaye likabaki jiwe moja na Mwenye Nyumba ndani yake. Kapteni alilinyanyua juu ya beseni, akalitikisa, na yule bwana akadondoka kama hirizi.

"Karibu uraiani," nilimwambia. Hata ndani ya beseni alinijia kidoleni na kuniuma.

Kapteni akamchukua. Tukapanga mawe upya, si kama yalivyokuwa. Hakuna aliyekumbuka yalivyokuwa. Na safari hii Mama mkubwa alichagua samaki kama mtu anayechagua wakwe. Aliuliza huyu anakula nini, yule analala wapi, wataelewana, anafika ukubwa gani. Mimi niliuliza kama wametolewa baharini au wamezaliwa kwenye matangi, nikamshikilia Kapteni kwa swali hilo mpaka akasema, "Kijana, hawa mababu zao tu ndio waliowahi kuiona bahari. Kama mimi." Tukatoka na wawili wa rangi ya machungwa wenye mikanda myeupe, na mmoja nusu zambarau nusu njano, mpenda mapango. Wote rafiki wa matumbawe.

Walikuwa wazuri. Nasema kweli, sebule ilibadilika. Wale wawili waliyumba pamoja ndani ya matumbawe laini kama watu wanaojaribu kitanda dukani. Yule wa zambarau alichungulia pangoni. Watoto wa jirani walikuja kuwaona. Mama mkubwa alijishusha kitini, akasema, "Haya, nimefika," na mara hiyo nilidhani amefika kweli.

Baba mkubwa aligeuka siku ya kwanza. Alitazama sana, jicho likitembea kutoka kona hadi kona. Siku ya pili aligeuka kidogo. Halafu akaacha.

Alilala akitazama dari, au ukuta wa kushoto ambao hauna kitu isipokuwa msumari. Mama mkubwa akamshika kidevu, akamgeuza, "Ona, baba, ona wale wanavyocheza," naye akageuka kwa mkono wa mkewe na kurudi ulipomwachia. Chakula nacho kikapungua. Mkono wa kulia, uliokuwa umeanza kukunja kidole kimoja, ukatulia juu ya shuka kama kitu cha mtu mwingine.

Mtaalamu akaja, akamgonga magoti, akamwangaza machoni. "Si kiharusi kingine," alisema mlangoni. "Huyu amekata tamaa. Mrudisheni, kwa njia yoyote. Misuli haisubiri."

Yeye akaenda zake. Ni rahisi kusema "mrudisheni" ukiwa umeshika mkoba.

Mama mkubwa alirudi ndani. Kulikuwa na lundo la mashati kwenye meza ya cherehani, kola hazijatiwa, na shule inayataka. Ndoo ya maji ya chumvi ilikuwa katikati ya njia. Sufuria ilikuwa jikoni. Alisimama katikati ya vitu hivyo vyote na nikaona kwamba hajui aanze na kipi, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona hajui. Ndipo akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu kiharusi kiingie nyumbani mwao. Akavuta kigoda, akaketi kando ya kitanda, mikono mitupu.

"Nimekuchagulia samaki kwa maneno ya Kapteni," alisema. "Kwa maneno ya mtaalamu, na ya huyu msomi. Wewe sikukuuliza. Unataka nini?"

Baba mkubwa akafungua mdomo. Mimi nilishaanza kuinuka nilete maji.

"Kaa chini," Mama mkubwa aliniambia bila kugeuka. "Tunangoja."

Tukangoja. Pampu ilikoroma. Nje mtu alipita akipiga mluzi wimbo wote, ubeti hadi kiitikio. Mdomo wa Baba mkubwa ulijaribu, ukaacha, ukajaribu. Mama mkubwa hakumsaidia hata silabi moja, na najua ilivyomgharimu, maana kidole gumba chake kilikuwa kinasugua kile kingine kama kinachochomoa uzi.

"Mko... rofi," Baba mkubwa alisema. "Yuko wapi?"

"Mkorofi gani? Mwenye Nyumba? Tumemtoa, baba. Alikuwa anaua wenzake."

"Ana... nigombeza."

"Nini?"

Akapumua. Tukangoja tena.

"Nikigeuka... anakuja. Kioo... anapiga. Kila siku." Mkono wa kushoto ukainuka, ukaonyesha: samaki akija mbio, akijigonga kwenye kioo mbele ya uso wake. "Ananitukana. Mimi... namjibu. Kichwani." Na uso wake, nusu inayotii, ukacheka. Kisha ukaacha kucheka. "Nyinyi... mnanihurumia tu."

Sijawahi kusikia sentensi ndefu kuliko hiyo, na nimekaa kwenye makongamano.

Mama mkubwa hakulia. Alinyoosha mkono mezani, akajipangusa uso kwa upindo wa shati la shule ambalo halikuwa lake, akanitazama.

"Nenda dukani," alisema. "Kimbia."

Nilikimbia huku kichwani nikibishana na nafsi yangu. Kumrudisha aliyeua? Kwa sababu mtu mmoja anamtaka? Na wale watatu je, ambao hawajamkosea mtu? Nilimkuta Kapteni anafunga mfuko kwa mpira, na ndani ya mfuko kulikuwa na buluu na njano.

"Usifunge!" nilisema. "Huyo ni wetu."

"Huyu anakwenda kuonja maji ya tangi la daktari wa meno."

"Mpe daktari mwingine."

Akanitazama. "Si wewe uliyesema aondolewe milele? Uliongea hapa mpaka wateja wakakaa kusikiliza."

Nikamweleza. Kapteni, ambaye huwa na utani kwa kila jambo, hakutania. Akaenda nyuma ya duka, akarudi na kijisanduku cha plastiki kinachopitisha mwanga, kimetobolewa pande zote.

"Sikiliza. Zamani alikuwa wa kwanza. Sasa mawe si yale, matundu si yale, na ndani kuna wenyeji. Atakuwa wa mwisho kuingia. Hujamrudishia enzi, umemleta mgeni. Lakini mtie humu kwanza, mkitundike ndani ya tangi, waonane bila kugusana mpaka wazoeane. Ukimwachia leo, utaokota maiti kesho."

"Na baada ya hapo hatawasumbua?"

"Atawasumbua. Ila hatawaua, nadhani. Mbona unataka dhamana? Hata mke hukupewa na dhamana."

Sina mke. Lakini nilibeba mfuko kifuani, chini ya shati, maji yakitikisika, na yule jambazi alinitazama njia nzima.

Tukamweka kwenye sanduku, upande wa kitanda. Alizunguka mara moja. Alimwona mmoja wa wale wa machungwa, akatanua mapezi, akagonga plastiki kwa pua. Yule wa machungwa hakukimbia. Alisogea karibu kidogo, akatanua ya kwake. Ilikuwa nyumba yake sasa.

"Baba," Mama mkubwa aliita, "amekuja mtu wako."

Baba mkubwa alikuwa ameitazama dari. Shingo ikaanza kusogea. Ilikuwa nzito kuliko zamani; zile siku za dari zilikuwa zimeirudisha nyuma, na sitasema uongo kwamba alifika kwa urahisi. Alisimama nusu ya njia, akapumzika, jasho kwenye nywele. Akaendelea. Uso ulipofika mbele ya kioo, Mwenye Nyumba aliviacha vile vita vingine, akamrukia kwa nguvu zote ndani ya kisanduku chake. Tak. Akarudi nyuma. Tak.

"Na wewe," Baba mkubwa alimwambia, kwa sauti, "pumbavu."

Tulimwachia baada ya siku kadhaa, tukiwa tumesimama wote mbele ya kioo kama wazazi langoni mwa shule. Alifukuza. Alifukuzwa pia. Yule wa zambarau alimpoteza kwenye mapango ambayo Mwenye Nyumba hakuyajua tena. Mwishowe alichukua kona moja, ile ya upande wa kitanda, jiwe dogo lenye bakuli la matumbawe lililovunjika ukingo. Hapo ndipo alipoweka mpaka, na ole wake atakayeuvuka, samaki au mgonjwa. Kinadharia sijaridhika na suluhisho hili. Nimelifikiria mara nyingi na bado linanisumbua. Lakini hakuna aliyekauka nyuma ya kochi.

Siku ile ile tuliyomwachia, Mama mkubwa alimletea mumewe supu. Akamsogezea kijiko. Baba mkubwa, macho yake kwenye kioo, akafunga mdomo. Akamsogezea tena, akafunga. Mashati yalikuwa bado mezani. Nilisubiri ile sauti ya wodini, "taratibu, baba."

"Mzee," Mama mkubwa alisema, "kula. Usinichoshe."

Kijiko kikabaki hewani. Nadhani hata yeye alishtuka. Baba mkubwa aligeuza macho kutoka kwenye tangi, akamtazama mkewe, akaanza kulitafuta neno. Tukamngoja.

"Nime... kuchosha?"

"Sana!" alisema. "Sana, sana. Mgongo huu si wangu tena. Umenichosha wewe na bahari yako."

Baba mkubwa alitikisa kichwa kuafiki, pole pole, kama mtu anayekubali hesabu iliyo sahihi. Kisha nusu ya uso wake ikacheka, akafungua mdomo, akapokea kijiko.

"Supu," alisema baada ya kumeza, akichukua muda wake wote. "Haina... chumvi."

"Chumvi yote imo kwenye ndoo ya samaki wako. Kachote."

Jirani upande wa pili wa ukuta alipunguza redio yake.